Usingizi Umemchukua Mtoto

Inspekta Kimanzi aliigeuza simu juu ya meza mpaka skrini ikanielekea.

"Soma, mzee," aliniambia. "Soma kwa sauti, usikie vile sisi tulisikia."

Nilivaa miwani. Yalikuwa maneno machache ya Kiswahili, meusi juu ya ukurasa mweupe, yamepangwa vizuri kama tangazo la kifo gazetini.

Mtoto amechukuliwa. Mama yake hayupo. Sasa tunaweza kuongea.

Nikasoma. Sauti yangu, ambayo kwa miaka kumi na tisa ilisoma habari za jioni redioni, ilijikwaa kwenye neno la pili. Nyuma yangu Veronicah alikuwa amesimama, mkoba ameukumbatia kifuani. Ndiye aliyenipigia simu asubuhi ile ya Jumatano. Aliyekuwa mahabusu ni mdogo wake, Ivyne, mfanyakazi wa nyumbani huko Lavington, aliyeshukiwa kutaka kumwiba mtoto aliyemlea. Sisi ni watu wa kijiji kimoja kule Ndhiwa, na Veronicah aliamini, maskini, kwamba mtu aliyeishi maisha yake yote kwa lugha angeweza kumtoa mtu mahabusu kwa lugha.

"Naomba nisikie sauti yenyewe," nikamwambia Inspekta.

Akabonyeza. Sauti ya Ivyne ikatoka, nyepesi, ya msichana aliyemaliza kazi kubwa ya asubuhi na sasa anapumua. Nyuma yake maji yalikuwa yakimwagika kwenye beseni. "Nyathi nindo osetero. Min nyathi onge. Koro wanyalo wuoyo." Kisha kicheko kifupi, na ujumbe ukakatika.

Sentensi ile ningeweza kuisikia asubuhi yoyote katika boma lolote la kwetu. Kwa Dholuo, Kijaluo chetu, mtu hasemi tu kwamba mtoto amelala. Usingizi huja wenyewe, ukamchukua mtoto kama mgeni anavyombeba mtoto wa nyumba aliyoizoea. Mtoto, usingizi umemchukua. Mama wa mtoto hayupo. Sasa tunaweza kuongea. Binti alikuwa anapiga gumzo la mchana na mama yake.

"Kuna neno limeanguka," nikasema. "Hapa mwanzo. Nindo, ndiyo usingizi. Anasema mtoto amechukuliwa na usingizi."

"Mashine ya kutafsiri haijasema usingizi."

"Lakini yeye amesema."

Inspekta Kimanzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyepata likizo, na aliponijibu alinijibu polepole, kwa adabu. "Mzee, kuna konstebo hapa wa kwenu. Alisikiliza jana, akasema tu vile unasema. Sasa wewe umekuja na dada ya mshukiwa, unasema hivyo hivyo. Wote nyinyi mnatoka upande moja. Mimi nitaambia mama ya mtoto nini? Hii mashine haina kabila. Haijui huyu msichana. Haina haja ya kumtetea."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kwenye kona ya chini ya ile skrini kulikuwa na alama ndogo ya kampuni, jani la kijani lililojikunja kama ulimi. Alama hiyohiyo ilikuwa kwenye kadi iliyokuwa mfukoni mwangu, ikiwa na picha yangu, jina langu Odero, na cheo changu: Mhakiki, Dholuo.

Nilivua miwani, nikairudisha mfukoni juu ya ile kadi.

Yaliyotokea siku iliyotangulia, Jumanne, nilikuja kuyaunganisha baadaye, kipande kwa kipande, kutoka kwa kila mmoja wao. Ivyne alikuwa na miaka ishirini na mbili, na alimlea Kibe, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na waya wa umeme juu yake. Mtoto alikuwa na mafua, na mama yake, Wahu, aliacha dawa ya maji na maagizo: kijiko kimoja baada ya chakula cha mchana. Ivyne akampa kijiko kimoja. Saa saba mtoto akalala fofofo. Kila siku saa hiyo Ivyne humtumia mama yake ujumbe wa sauti, kwa kuwa mama hajui kusoma na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye kutwa nzima. Kwenye simu yake kulikuwa na "Mama" na chini yake "Mama Kibe". Vidole vilikuwa na povu la sabuni. Alibonyeza cha chini. Akaiacha simu dirishani, akaenda nyuma ya nyumba kuanika nguo.

Wahu alikuwa mjini, ghorofa ya sita, kwenye ofisi ya bima. Aliisikia sauti ya yaya wake ikiongea kwa haraka kwa lugha asiyoijua, akadhani mtoto amezidiwa. Akafanya kile ambacho siku hizi kila mtu hufanya. Akaipa mashine isikilize. Kisha akasoma mistari ile mitatu.

Alipiga simu mara nne. Simu ikaita dirishani, na Kibe alikuwa amelala, na Ivyne alikuwa nyuma anapigana na shuka iliyolowa. Wiki hiyo kundi la WhatsApp la akina mama wa mtaa lilikuwa linasambaza habari za yaya aliyetoroka na mtoto mahali fulani. Mimi pia ni mzazi. Ningekuwa ghorofa ya sita siku hiyo, ningepiga kelele kama alivyopiga yeye, mpaka wenzake wakatoka mezani mwao.

Askari wa lango, aliowapigia Wahu, walikuja watatu. Walimkuta Ivyne na pini za nguo mdomoni, na kwa kuwa hakuweza kujibu upesi, mmoja akampiga. Mtoto hakuamka kwa zile kelele zote, na hilo likawa ushahidi mwingine: amelishwa dawa. Mtu akampiga picha akiwa amekaa chini kwenye nyasi, pini moja bado imekwama kwenye mkunjo wa nguo yake. Kabla ya saa kumi picha ile ilikuwa imefika Loresho, Kileleshwa, Karen, kila penye geti na kundi la akina mama.

Walituruhusu kumwona Jumatano ile, dakika chache, kwenye korido. Jicho moja lilikuwa limevimba. Veronicah alianza kulia. Mimi nikamsalimia Ivyne kwa Dholuo, nikamwuliza kama amekula.

"Ongeeni Kiswahili," askari aliyemleta akakatiza. "Ongeeni kitu sisi wote tunaskia."

Ivyne akamtazama yule askari, kisha akanitazama mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha shule ya msingi, cha kukariri.

"Mimi sijafanya kitu, Anko," akasema. "Mimi nilikuwa naanika nguo."

Nikarudi nyumbani nikiwa na kadi yangu mfukoni.

Kampuni iko Loresho, kwenye nyumba ya zamani ya familia iliyogeuzwa ofisi. Chumba chetu kilikuwa cha watoto; darini bado kuna nyota za plastiki ambazo hakuna aliyejisumbua kuzibandua. Nilifika pale baada ya kituo chetu cha redio kufunga vipindi vya lugha za nyumbani na kutuaga kwa keki. Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Nilipoambiwa kuna watu wanaofundisha mashine kuelewa Dholuo, na kwamba wanatafuta mtu mwenye sikio, nilitoa machozi barabarani, mtu mzima mimi. Tangu shuleni nilikuwa nimebeba aibu ya kuvishwa kipande cha mfupa shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama. Sasa lugha ileile ingekaa kwenye simu ya kila mtu, pamoja na Kiingereza na Kifaransa, bila kuinamisha kichwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mashine inasikia sentensi, inatoa tafsiri, nami nachagua. Pitisha. Rekebisha. Kataa. Miezi ya kwanza nilirekebisha karibu kila kitu. Niliandika maelezo marefu. Nilieleza kwamba kichwa cha Mjaluo "hubadilika" anaposahau, kwamba tumbo lake "huungua" anapokasirika. Anita, msimamizi wetu, binti mwerevu na mpole aliyekulia Nairobi, aliniita ofisini kwake siku moja akanimiminia chai mwenyewe.

"Mzee Odero, kazi yako ni nzuri sana, hata inaniuma kukwambia. Lakini uko nyuma. Wengine wanafanya mia nne kwa siku, wewe hata mia hufikishi."

"Sentensi nyingine zinataka kufikiriwa."

"Najua. Lakini Kijaluo kiko daraja la tatu. Daraja la kwanza lina wahakiki watatu kwa kila sentensi. Hapa ni wewe peke yako. Kama hatufiki idadi, wataondoa lugha yote kwenye orodha. Bora iwepo na makosa kidogo, ama isiwepo kabisa?"

Nilikunywa chai yangu. Niliporudi chini ya zile nyota za plastiki nilianza kukimbia. Asubuhi nilikuwa na umakini. Mchana macho yalikuwa yanaona umbo la sentensi tu, kama mtu anayepita mbele ya nyumba nyingi bila kuangalia waliomo. Maneno ya kawaida yanaeleweka, pitisha. Sarufi imekaa sawa, pitisha. Nilifikisha mia nne, nikavuka. Anita akaniandikia ujumbe wa pongezi wenye picha za makofi.

Alhamisi asubuhi, siku ya tatu ya Ivyne mahabusu, nilifika kabla ya wenzangu. Nikafungua kumbukumbu, nikaandika neno nindo, nikatafuta. Nilitaka nikute kwamba kosa ni la mtu mwingine, au la mashine yenyewe. Niliomba, kwa maneno kabisa, kwa sauti ya chini.

Ilikuwepo. Si sentensi ya Ivyne neno kwa neno, ila iliyofanana nayo: Nindo osetero nyathi. Tafsiri: Mtoto amechukuliwa. Ijumaa moja ya mwezi wa Machi, saa tisa na dakika kumi na mbili mchana. Uamuzi: Pitisha. Mhakiki: Odero. Chini yake zilifuata nyingine sita za aina hiyo, ambazo mashine ilikuwa imejifunza kutokana na ile ya kwanza, na zote nilizipitisha ndani ya dakika moja.

Sikumbuki Ijumaa hiyo. Hilo ndilo lililonikaa vibaya zaidi. Nilijaribu kukumbuka kama kulikuwa na mvua, kama niliumwa, kama kulikuwa na habari mbaya ya nyumbani, chochote ambacho ningeweza kukishika. Ilikuwa tu Ijumaa.

Nilimweleza Anita yote. Akafunga mlango.

"Nataka barua moja," nilimwambia. "Iseme mashine ilikosea sentensi hii. Mistari miwili. Nitaipeleka mwenyewe."

"Siwezi, Mzee. Hiyo inaenda kwa mawakili, na mawakili wako nje. Watachukua wiki kadhaa." Alikuwa anazungusha pete yake kidoleni. "Na tumeandika, kila mtu anaona, pale chini: matokeo yanaweza kuwa na makosa, hasa kwa lugha ndogo."

"Dholuo si lugha ndogo. Inaongewa na mamilioni."

"Ni ndogo kwa data, Mzee. Unajua nilimaanisha hivyo."

"Msichana amelala sakafuni siku mbili, Anita."

Akaanza kulia bila sauti, na mimi nikajikuta namwonea huruma, jambo ambalo sikuwa na nafasi nalo siku ile. Nilirudi kwenye chumba changu, nikapiga picha ukurasa ule kwa simu yangu, jina langu likionekana wazi. Mkataba niliotia sahihi ulikataza jambo hilo kwa herufi nzito. Nikaweka kadi juu ya kibodi, nikatoka.

Inspekta Kimanzi aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo hii mashine umeifunza wewe."

"Mimi."

"Na jana ulikaa kwa hiki kiti ukanyamaza."

"Ndiyo."

Akashusha pumzi. "Mzee, mimi nikuelewe vipi? Jana ulisema mashine imekosea, sikukuamini. Leo unasema ni wewe umekosea. Kesho utasema nini?" Alinirudishia simu. "Ongea na mlalamishi. Akiondoa, mimi sina shida. Asipoondoa, tunakaa naye hadi Jumatatu, halafu mambo yaende mbele."

Nikakaa nje ya kituo kwenye ukingo wa maua mpaka jua likanichoma kichwani. Watu walipita, wengine wakinikwepa kama ombaomba. Veronicah aliniletea maji na chapati kutoka Kenyatta Market, anakosuka nywele, akakaa kando yangu, vidole vyake vikiwa bado vinanuka mafuta ya nywele. Sikuwa nimemwambia. Nilimwambia pale. Alisikiliza akiangalia barabara, akaondoka, akaiacha chapati juu ya ukingo.

Ijumaa nilimngoja Wahu chini ya jengo la ofisi yake mjini tangu saa moja na nusu asubuhi. Alipotokea nilimtambua kwa jinsi alivyotembea, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika. Nilijitambulisha. Aliposikia jina langu la Kijaluo akarudi nyuma hatua mbili na kumtafuta mlinzi kwa macho.

"Nyinyi mnataka nini kwangu? Mtoto wangu halali. Mimi silali."

"Sikuja kumtetea Ivyne," nikasema. "Nimekuja kukuonyesha nilichokufanyia wewe."

Sijui ni kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa nimepanga maneno mengine usiku kucha, na yote yalinitoroka. Lakini akasimama. Nikampa simu. Nikamwonyesha sentensi, nikamwekea kidole juu ya neno nindo, nikamwambia maana yake, nikamwonyesha lilivyoanguka upande wa pili, kisha nikamwonyesha jina langu.

Watu walikuwa wanatupita kuingia kwenye lifti. Alisoma mara nyingi.

"Hospitali walimpima Kibe damu," akasema mwishowe. "Walipata tu dawa ya mafua. Kijiko kimoja, daktari alisema. Nilijiambia labda hiyo dawa ingine haionekani." Akanirudishia simu. "Ningefanya nini? Niambie wewe. Ningefanya nini na yale maneno?"

"Hakuna. Ungefanya vile ulifanya."

"Alikuwa anaongea na mamake?"

"Kila siku saa saba."

Akaketi kwenye ngazi za jengo, na nguo zake nzuri, akafunika mdomo kwa mkono. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile. Konstebo alisema ukweli hakuaminiwa. Mimi nilisema ukweli sikuaminiwa. Veronicah, Ivyne mwenyewe, watu wanne waliozaliwa ndani ya lugha ile, walisema kitu kimoja, na hakuna aliyetusikia. Niliaminiwa nilipoonyesha kosa langu, tena kwa sababu lilikuwa limeandikwa na mashine.

Saa nane mchana Wahu aliondoa malalamiko yake. Aliandika pia kwenye kundi la akina mama kwamba ilikuwa ni kosa la tafsiri, yaya hakuwa na hatia, tafadhali picha ifutwe. Wengi waliitikia kwa alama ya mikono iliyoshikana. Lakini picha ilikuwa imeshahamia kwenye makundi ambayo yeye hakuwemo. Mpaka leo naiona mara kwa mara, kila inapoibuka na jina jingine la mtaa, mwaka mwingine, onyo lilelile.

Ivyne alitoka akiwa ameshika ndala mkononi. Veronicah alimkimbilia akimwita kwa Dholuo majina yote ya utotoni. Ivyne alimwacha amkumbatie, mikono yake mwenyewe ikining'inia.

"Nataka kuoga," akasema kwa Kiswahili.

Hakurudi tena kwenye kazi ya nyumba, asingepokelewa popote. Alianza kumsaidia dada yake kwenye saluni kule Kenyatta Market, kwenye zile korido nyembamba ambako wasusi huvuta wateja kwa mikono na moshi wa nyama choma huingia mpaka kwenye nywele. Anachambua rasta, anafagia, anashika nywele upande wa pili. Nilimwendea baada ya wiki tatu. Nilitaka kumwambia mwenyewe, ingawa nilijua Veronicah alikuwa amekwishamwambia.

Nilimsalimia kwa Dholuo. Akaitika kwa Kiswahili. Nikaeleza. Vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Kwa hivyo wewe ulisoma hayo maneno kabla ya mama Kibe?"

"Ndiyo."

"Na ukaona iko sawa."

"Nilikuwa nimechoka, Ivyne."

Akavuta uzi mmoja mrefu wa rasta, akaulinganisha na mwingine. "Mimi pia nilikuwa nimechoka, Anko," akasema. Hakusema kwa hasira. Mteja akaingia, naye akasimama kumletea kiti.

Kampuni ilinipa barua ya kuachishwa kazi, na baada ya hapo haikunitafuta tena. Wakati fulani niliijaribu ile mashine kwenye simu ya jirani. Nikasema sentensi ya Ivyne, ikajibu vizuri kabisa: Mtoto amelala. Mtu alikuwa ameirekebisha. Nikajaribu nyingine, ya kujisemea mwenyewe, Nindo otera, usingizi ulinichukua. Ikafikiri kidogo. Nilitekwa, ikaandika. Nikairudisha simu ya watu.

Siku hizi nafundisha watoto wa kanisani kusoma, Jumamosi, na nyumbani nasikiliza redio za watu wengine. Ilikuwa Jumapili moja, baada ya ibada, mama yake Ivyne aliponipigia kutoka Ndhiwa. Alikuwa ametafuta namba yangu kwa watu watatu.

Tulisalimiana kwa urefu, kama inavyotakiwa. Akauliza watu wa kwangu mmoja mmoja.

"Mtoto wangu ananitumia sauti," akasema. "Kila siku, kama zamani. Lakini siku hizi anaongea Kiswahili. Mimi huku kanisani nasikia Amina na Bwana asifiwe, basi. Nimewaomba watoto wa jirani, wanacheka, wanasema mara hivi mara vile. Wewe ndiwe unayejua. Nataka unisikilizie hii ya leo."

Akaiweka simu nyingine karibu na ile aliyokuwa akizungumzia. Nikamsikia Ivyne, mbali, polepole, kila neno limetenganishwa na jingine kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mama, mimi niko salama. Leo hakuna kazi nyingi. Nimekula. Usijali.

"Anasema yuko salama," nikamwambia mama yake kwa lugha yetu. "Leo kazi si nyingi. Amekula. Anasema usiwe na wasiwasi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Upande wa pili kuku alilia, na mtu akafunga mlango wa bati. Mama alikuwa anapumua karibu sana na simu.

"Ananikasirikia? Kuna kitu nilimkosea?"

"Hapana, mama. Hakukasirikii. Anakupenda sana, anakukumbuka kila siku, ni vile tu—"

"Amesema hivyo?"

Nje watoto wa kanisani walikuwa wanatimuliwa kwenye viti vya plastiki.

"Hajasema," nikajibu.

"Basi usiongeze," akasema, kwa upole. "Niambie tena alichosema yeye."

Nikamwambia tena. Yuko salama. Leo kazi si nyingi. Amekula.